Kompyuta Iliyovishwa Koti

Nguo ya dukani haikai mikononi mwa Bi Sindano bila kugeuzwa ndani nje. Ataitazama mishono, atavuta uzi, ataguna. Mumewe, mchomeleaji wa mageti, humtania kwamba siku mke wake akifika peponi ataomba kwanza aone upande wa nyuma. Ni fundi cherehani. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na udadisi huo ameurithi kwa marehemu mama yake.

Asubuhi ile alifagia vipande vya vitambaa, akawasha pasi, kisha akachukua simu. Siku yake huanza hivyo, kwa kufungua Baraza la Sindano. Huo ni mtandao mdogo wa kijamii wa mafundi nguo, watu mia mbili na thelathini. Hutumiana picha, huulizana maswali, huchekana mishono ikipinda. Zamani walikuwa wageni kwenye mtandao mkubwa wa watu wengine. Siku moja picha zao za miaka mingi zikapotea. Waliandika kuuliza, wasijibiwe. Ndipo wifi yake, mwalimu wa hesabu, alipoweka programu ya bure kwenye kompyuta kuukuu, na baraza likahamia chini ya meza ya kukatia ya Bi Sindano.

Humo ndimo alimoweka hazina yake pia. Mama yake alirekodi masomo arobaini na moja ya kushona kabla hajafariki. Kila somo lilimalizika kwa maneno yale yale: "Haya mwanangu, geuza ndani nje tuone."

Jana yake mwanachama mmoja alikuwa ameuliza namna ya kukata kola ya duara isiyojikunja. Bi Sindano alitaka kumwonyesha somo la mama. Baraza halikufunguka. Alijaribu tena. Wapi!

Akainama chini ya meza. Kompyuta ilikuwa imevaa kifuniko kizito cha maua ya kudarizi. Alikishona mwenyewe ili vumbi lisiingie, na alikipenda sana. Aligusa, akaurudisha mkono haraka. Mashine ilikuwa ya moto, na ndani yake kitu kiligonga: tik, tik, tik.

Alichomoa waya, akampigia wifi yake, naye akafika mbio na chaki bado mkononi.

"Wifi, masomo ya mama umeyaweka na mahali pengine?" Bi Sindano aliuliza.

"Mahali gani pengine? Si yamo humo?"

Wakatazamana. Sauti ya mama yake Bi Sindano haikuwa na nakala popote duniani.

Waliibeba ile kompyuta hadi kwa Fundi Waya, nyumba ya tatu. Huyu ni mama wa makamo, hutengeneza kompyuta, na bisibisi haiondoki sikioni mwake. Alifungua ubavu wa mashine, akavuta bonge la nyuzi laini za rangi saba.

"Dada, hii ni kompyuta au godoro?"

"Nilikuwa naikinga na vumbi, fundi."

"Umeivisha koti kwenye joto. Hewa ya moto haikupata pa kutokea. Na feni imekuwa ikivuta nyuzi za vitambaa vyako mpaka ikakwama. Huo mlio ni wa diski. Ndiyo kabati la kila kitu, na inakata roho. Niachieni, nitajaribu."

Zilikuwa siku tatu ndefu. Bi Sindano alishona mkono wa kushoto kulia, akaufumua, akaushona tena palepale.

Siku ya nne Fundi Waya aliwaita. "Karibu kila kitu nimekiokoa. Masomo thelathini na manane yapo. Matatu yameondoka, na mashine yenyewe haitafaa tena."

"La kola?"

"Pole, dada. La kola limekwenda."

Bi Sindano alilia kidogo, bila aibu. Kisha akajipangusa kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akauliza, "Sasa nifundishe. Ndani ya hizi mashine kuna nini?"

Mumewe alikuwa amekuja nao, na jibu alikuwa nalo tayari. "Tununue kubwa! Nimeona moja dukani, ina taa za kijani kama thelathini, inanguruma kama ndege!"

"Shemeji, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," Fundi Waya alisema. "Ile inakula umeme, na kelele zake zitawahamisha sebuleni. Kwanza tujue mnabeba nini. Kwa wakati mmoja wanaingia watu wangapi?"

"Wakizidi sana, arobaini," alijibu wifi.

"Na picha na sauti zenu zote zimejaza gigabaiti mia moja na themanini, kwa miaka miwili. Mnaongeza kama nane kila mwezi. Huo si mzigo wa lori. Mashine ndogo ya ofisini, hata iliyotumika, inatosha."

Bi Sindano alichungulia ndani ya kompyuta iliyokuwa wazi mezani. "Hivi vijiti vilivyosimama ni nini?"

"RAM. Chukulia ni meza yako ya kukatia. Kitambaa unachokifanyia kazi sasa hivi kiko mezani, vingine viko kabatini. Meza ikiwa ndogo, utafanyaje?"

"Nitakuwa nakunja na kukunjua siku nzima."

"Basi na mashine hivyohivyo, inakuwa nzito. Ya zamani ilikuwa na gigabaiti nne. Chukueni kumi na sita. Na diski msichukue ya kuzunguka. Chukueni SSD. Haina kinachozunguka ndani, haina kelele, na inatoa picha upesi. Ya terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja, itawafaa miaka mingi."

"Moja tu?"

Fundi Waya alitabasamu. Swali hilo alilipenda. "Mbili. Tutazipanga ziwe kioo. Kila kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, baraza halizimi. Ila zitoke kampuni tofauti, zisije zikazeeka siku moja. Halafu betri ya UPS, umeme ukikatika mashine ipate muda wa kujizima taratibu."

"Basi tumemaliza," alisema mume.

"Bado. Mwanachama akifuta picha kwa bahati mbaya, itakuwaje?"

Bi Sindano alifikiri, akiuzungusha utepe kidoleni. "Kioo kinakuiga hata ukikunja uso," alisema polepole. "Itafutika kote kuwili."

"Ehee!"

Ghafla akajipiga paji la uso. "Karatasi za mama! Fundi, mama alikuwa na karatasi za kukatia mitindo yake yote. Paa lilipovuja mwaka mmoja, zikalowa. Tangu hapo kila mtindo alikata karatasi mbili, moja akaipeleka kwa shangazi. Nimelijua hili tangu utotoni! Mbona kwenye kompyuta sikuwaza?"

"Kwa sababu hukuiona karatasi. Diski ya tatu ndiyo ya kwa shangazi. Kila Jumamosi mnainakili, mnaichomoa, inakwenda kulala nyumba nyingine. Na mara mojamoja mjaribu kurudisha kitu kutoka humo. Akiba haiozi, lakini ya diski lazima uionje."

Wiki iliyofuata mashine mpya ilikaa kwenye rafu ya ukumbini, juu, mbali na nyuzi, pembeni pakiwa wazi. Mume aliichomelea rafu mwenyewe, na hakuweka hata taa moja ya kijani. Cherehani ya mama ndiyo iliyovishwa kile kifuniko cha maua. Diski ya akiba ikawa inalala kwa wifi, kwenye droo ya madaftari ya wanafunzi.

Miezi mitatu baadaye, wifi alikuwa ukumbini akipanga upya mafaili ya baraza. Akapiga ukelele.

"Nimefuta! Wifi yangu, nimefuta masomo ya mama yote!"

Bi Sindano alikuja na pini mdomoni. Alizitoa moja moja. "Nenda kalete diski ya kwako," alisema. "Taratibu, usije ukaanguka nayo."

Wifi alirudi anahema. Waliichomeka, wakasubiri, na masomo yakaanza kurudi mstari kwa mstari. Wifi alihesabu kwa kidole, kama afanyavyo darasani.

"Thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane... Thelathini na tisa? Hili limetoka wapi?"

Wifi alibonyeza.

Ilikuwa sauti ya Bi Sindano, ya aibu kidogo mwanzoni. Ilieleza namna ya kukata kola ya duara, wapi pa kuacha nafasi ya mshono, wapi pa kutia vikato ili isijikunje. Nyuma yake ilisikika pasi ikipumua. Mwishoni ikasema:

"Haya mwanangu, geuza ndani nje tuone."

Wifi alifuta machozi kwa kiganja chenye chaki, akabaki na shavu jeupe.

"Na yale mawili yaliyobaki?" aliuliza.

"Nitayarekodi kabla ya Jumamosi," alisema Bi Sindano, "ili uondoke nayo."