Betri ya Sauti Namba Saba

YAH: MATENGENEZO MADOGO YA KINANDA KIMOJA (1) CHA UMEME, MALI YA UKUMBI

Ndivyo barua ya ofisi ilivyosema. Mtunza ukumbi alikuwa ameomba kinanda kile kikongwe kichomwe moto. Ofisi ikamjibu kwamba mali haichomwi mpaka fundi athibitishe ubovu wake, na fundi hawezi kuthibitisha ubovu kabla hajajaribu kuitengeneza. Basi jioni moja mzee huyo mtunza ukumbi akakisukuma kwa toroli hadi kibandani kwa fundi redio, akakibwaga mezani kama maiti isiyo na wenyewe.

"Mwanangu," alinong'ona, "aliyetunga sauti namba saba kinandani humu alimnyonga mwimbaji wake nyuma ya pazia. Kwa waya wa kinanda hiki hiki. Ile sauti imo humu, imeshikiliwa na betri tu. Na betri inakufa. Iache ife."

"Mzee wangu, betri haina roho."

"Sikusema betri."

Akaondoka bila hata kuchukua toroli lake.

Kibanda kile fundi alikuwa akikichangia na mkewe, fundi cherehani. Huku nyaya, kule vitambaa, na mpakani mkasi mzito wa mke. "Mkasi wangu haukati nyaya," alizoea kumwambia. "Ukiugusa nakukata wewe." Na wote wakicheka.

Fundi akafungua kinanda. Betri ilikuwa imevuja, ute wa kijani ukitafuna njia za shaba kwenye bodi. Akasugua. Akabadilisha kapasita zilizovimba, akalehemu nyuzi zilizoliwa. Ikabaki betri yenyewe. Fundi wa ovyo angeing'oa tu, sauti zote zilizohifadhiwa zikafutika. Yeye hakuwa fundi wa ovyo. Hakuna mteja aliyewahi kupoteza hata mlio mmoja mezani kwake. Akalehemu betri mpya ubavuni mwa ile kuukuu, ili kumbukumbu isikose chakula hata nukta moja. Ya zamani angeing'oa baadaye.

Umeme ukakatika mtaa mzima.

"Nimulikie, mama watoto."

Mke akaja na tochi, akainama mezani.

Kinanda kikavuta pumzi.

Hakikuwa kimechomekwa popote... Na betri ile haikuwa na nguvu hata ya kuwasha tochi. Lakini sauti ya mwanamke ilitoka, nyembamba, ikikwama njiani kama mtu anayemeza mfupa. Harufu ya risasi ya kulehemea ikageuka, ikawa ya nywele zinazoungua.

"Kizime," mke alinong'ona.

"Hakijawashwa."

Mkono wa kulia wa fundi ukaokota waya wa kinanda. Yeye mwenyewe akabaki kuutazama, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni anayejipakulia. Ukauzungusha waya shingoni mwa mkewe. Wa kushoto ukaja kusaidia.

Mikono ikavuta.

"Kata betri!" fundi alipiga kelele, akilia, huku mikono yake ikikaza. "Mke wangu, kata betri!"

Tochi ilikuwa imeanguka. Mke akapapasa mpakani, akapata mkasi, akakata betri ya kwanza iliyomjia mkononi.

Ilikuwa ile kuukuu.

Sauti ikazidi kung'aa.

Akanyakua chuma cha kulehemea, bado cha moto, akakizamisha kwenye kiganja cha mumewe. Nyama ikachemka. Mkono haukulegea. Waya ulikuwa umezama shingoni, mkasi haukuona pa kuingia... Macho yakaanza kumtoka. Basi akaupeleka mkasi palipokuwa na nafasi, kwenye vidole vilivyoushika waya, akabana kwa nguvu zote zilizobaki.

Kak.

Akabana tena.

Waya ukaanguka, na vidole juu yake.

Ofisi ilipokea taarifa ya "ajali ndogo kazini", ikatoa pole yenye muhuri. Kinanda, kwa kuwa sasa ni kizima, hakiwezi kuchomwa, kimerudishwa ukumbini. Betri mpya ya aina ile hudumu miaka kumi. Mzee wa ukumbi anasema sauti namba saba siku hizi ina waimbaji wawili, na wa pili anamfahamu. Aliwahi kumshonea kanzu. Mke wa fundi hawezi kumjibu. Tangu jioni ile hajatoa hata mguno.

Lililotokea ni hili: fundi alimkaba mkewe, mkewe akamkata vidole viwili, na kinanda kikatengenezwa vizuri kabisa.