Tarishi Aliyekwama Mlangoni

Kila Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, wenzake walikimbilia kwa muuza kelewele, ndizi za kukaanga zenye pilipili, naye Serwaa akaelekea chumba cha kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko umri wake. Pale shuleni kwao, mjini Koforidua, palikuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake Madamu Oforiwaa, mwalimu wao, aliweza kuunda kompyuta nyingine nyingi zisizoshikika kwa mkono. Waliziita mashine pepe. Kila mwanafunzi akikaa mbele ya kioo kilichounganishwa nayo alipata ya kwake. Wiki ikiisha zote zilifutwa na kuundwa mpya, tupu kabisa, isipokuwa ya Serwaa, kwa kuwa alikuwa msaidizi.

Mashine tupu haina faida. Kwanza huwekewa programu ambayo kazi yake ni kwenda kuleta programu nyingine, kama ile ya kuchora au ya muziki. Wanafunzi waliibandika jina la Tarishi. Sasa huyo Tarishi, kabla ya kuingia, husimama akauliza kama aendelee, na asipojibiwa haendi popote. Basi Serwaa alizunguka kioo hadi kioo akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kidole kikachoka.

"Madamu, kwani huyu anauliza nini kila wiki? Si anajua tutakubali?"

"Kwenu mgeni akipiga hodi anasema nini?"

"Agoo."

"Na asipokaribishwa kwa amee?"

"Anabaki nje." Serwaa akafikiri kidogo. "Lakini bibi akienda kuuza shanga, huniachia maagizo. Fulani akija, mwambie apite. Hatuwezi kuiachia mashine maagizo hivyo hivyo?"

Madamu akacheka, akasema inawezekana. Mtu huandika hatua zote kwa mpangilio, majibu akiyaweka humo mapema, na mashine ikazifuata yenyewe. Akampa Serwaa kazi hiyo. Jumamosi ya wiki iliyofuata wangekuja wanafunzi wa kijiji cha jirani, ambao shule yao haikuwa na kompyuta hata moja, na maagizo yake ndiyo yangeandaa mashine zao.

Wiki nzima Serwaa hakushikika. Ijumaa ilipofika, maagizo yalikimbia kwenye mashine yake mwanzo hadi mwisho kufumba na kufumbua. Yeboah, mwanafunzi mwenzake, akashangaa.

"Mbona upesi hivyo? Tarishi kaenda na kurudi sijapiga hata chafya?"

"Wivu tu huo, Yeboah."

Madamu aliuliza kama ameyajaribu kwenye mashine mpya. Hapo pakawa na kazi. Mashine za wenzake zilikuwa bado na kazi zao hadi Jumamosi asubuhi, kompyuta kubwa ilikuwa imejaa, na ili kuunda mpya ilibidi Serwaa afute yake, aliyoipamba kwa rangi za shanga za bibi tangu muhula uanze. Roho ikamuuma. Akajibu kwamba ameyajaribu.

Jumamosi wageni walifika kwa trotro, basi dogo la kukodi, na dereva akatangaza kuwa saa sita anaondoka. Madamu akafuta mashine za wiki isipokuwa ya Serwaa, akaunda mpya, akaanzisha maagizo. Vioo vikawa vyeusi, alama moja ndogo ikipepesa pembeni, na kimya. Madamu alikagua nyaya na mtandao, akampigia fundi simu, hola. Msichana mmoja mdogo alimuuliza Serwaa kama kompyuta ndiyo hiyo tu, kitu cheusi cha kutazama. Nje dereva akapiga honi. Madamu akaanza kumwomba radhi mwalimu wa wageni, labda muhula ujao.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Serwaa ilikuwa imeishia hapo.

"Madamu, nyaya hazina kosa," alisema. "Nilijaribu kwenye mashine yangu tu. Nilikudanganya."

Madamu aliiweka simu chini. "Yako ina Tarishi tangu zamani. Maagizo yalimkuta sebuleni, yakapita. Hizi hayumo, na kila moja imeshikwa na mgeni. Tunahitaji moja mpya ya kujaribia."

"Futa yangu."

Yeboah alitumwa kumpelekea dereva kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki ili atulie. Mashine ya Serwaa ikafutwa, rangi zote zikaenda, ikaundwa mpya, nao wakaipitisha hatua moja moja. Swali la kwanza lilijibiwa. Kisha likatokea la pili, ambalo Serwaa kila wiki alilibonyezea ndiyo bila kulisoma: Tarishi aliomba ruhusa ya kuingia na vifaa vyake vya kazi. Asubuhi yote alikuwa amesimama mlangoni, swali lake halionekani kwa kuwa maagizo yalijiendesha, na hakuna aliyemwitikia.

Serwaa alilisoma polepole, akauliza vifaa hivyo ni vya nini, ndipo akaandika jibu. Wakaifuta tena mashine, wakajaribu upya. Safari hii Tarishi alichukua muda wake, akaingia. Wakayapeleka maagizo kwenye mashine zote, na vioo vikawaka. Yule msichana mdogo akachora mbuzi mwenye miguu mitano, akakataa katakata kuupunguza mmoja.

Trotro ilipoondoka, Madamu alimkalisha Serwaa.

"Kukosea hakunisumbui, hata mimi hukosea. Ila leo ningetafuta kosa kwenye nyaya mpaka jioni kwa sababu niliamini neno lako. Kazi inayojiendesha haina mtu wa kuitazama, Serwaa. Kwa hiyo aliyeiandaa lazima aseme kweli kabla hajaiacha peke yake."

Ijumaa iliyofuata, Madamu alipouliza kama maagizo yamejaribiwa kwenye mashine mpya, Serwaa aliinuka. Alisogeza kiti pembeni, akafuta mashine yake Madamu akitazama, akaanza mwanzo.