Unga Mwekundu wa Hekaluni

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Graciella, mtunzaji wa mzee Armand, alifungua mkoba wake amtolee mzee dawa, na kengele ndogo ya shaba ikadondoka sakafuni. Katika ofisi ya safari, ghorofa ya tatu karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, huko ughaibuni, wote wakaikodolea macho. Juzi tu kengele ile ilikuwa ikining'inia katika chumba cha ndani cha hekalu la Kihindu, juu ya kilima chenye msitu kule India. Makuhani walikuwa wakiitafuta.

Ghislain, mwenye ofisi aliyewaongoza katika safari hiyo, akashika simu aite polisi. Graciella akamsihi angoje, akampigia mjomba wake Mwamba, mlinzi wa duka la jirani, zamani mpelelezi Lubumbashi, akamweleza yote. Alifika akihema. Lifti ilikuwa mbovu.

“Tonton, miye siko mwizi! Polisi wakiniandika, karatasi zangu za kukaa huku zimekwisha. Na Papa Armand, tangu siku ya hekalu, hataki hata nimvalishe viatu.”

“Nyamaza kwanza. Ghislain, nani aliingia chumba kile?”

“Mimi, saa kumi na dakika tano jioni. Kengele ilikuwepo. Saa kumi na nusu haipo. Katikati hapo nilikuwa uani na watalii tisa, tukipigwa picha. Tazama saa zake.”

Mwamba alizitazama moja moja. Ghislain alikuwemo katika zote. Graciella na Armand hawakuwemo hata moja.

“Wewe, Graciella?”

“Mkoba nilimwachia Papa. Tumbili akakamata miwani yangu kwa ngazi, nikamfuata mu msitu.”

Armand, profesa mstaafu aliyefundisha Katanga miaka ishirini, alicheka. “Bon! Shahidi wetu ni tumbili. Naye ataapa?”

“Na wewe, Papa Armand?”

“Chini, kwa benchi. Ngazi mia mbili na magoti haya? Hata viatu sikuvua.”

Mwamba akamgeukia Ghislain. “Sakafu ya ndani ikoje?”

“Imejaa unga mwekundu wa ibada na mafuta. Unaingia miguu mitupu, lazima. Unga huo hautoki hata kwa sabuni.” Akavua kiatu. Soli ya ndani ilikuwa nyekundu.

“Graciella, vua.”

Raba zake za safari zilikuwa nyeupe ndani.

“Papa Armand.”

“Upuuzi! Hivi ni viatu vya magoti, alivyoniagizia daktari!”

“Ana jozi moja tu, tonton,” Graciella alisema polepole.

Mwamba alipiga goti, akamvua mwenyewe. Ndani, alama ya kisigino na vidole vitano, nyekundu kama pilipili.

Armand aliangalia dirishani. “Miaka arobaini naandika juu ya kengele zile. Hakuna anayesoma. Nilitaka moja iwe yangu.”

“Na kwa nini mkoba wa mpwa wangu?” Mwamba aliuliza.

“Forodha walishanikamata zamani, wangenipekua tena. Ningeitoa leo, nyumbani.”

“Ilipodondoka ulinyamaza, Papa,” Graciella alisema.

Ghislain akawapigia polisi, akataja jina la Armand.

Graciella alimwekea dawa mapajani, akabeba mkoba wake.

“Donc, nani atanishusha?” Armand aliuliza, kiatu kimoja mkononi.

“Ngazi mia mbili ulipanda mwenyewe, Papa. Hapa ni sitini.”