Abee ya Sihaba

Petroli ndiyo iliyomtoa Sihaba nyumbani saa ile. Umeme ulikuwa umekatika Ikwiriri nzima tangu alasiri, na saa moja kamili alitakiwa kuwa laivu. Akachukua kidumu, akatoka mbio, ndala moja ya bluu, nyingine ya kijani. Bibi yake, Bi Mwanawetu, alikuwa anatia udhu uani. Akamwambia asubiri magharibi ipite. Sihaba akajibu, "Narudi sasa hivi." Vijana na sasa hivi yao.

Lakini haraka ndiyo ilikuwa kazi yake. Sihaba alicheza gemu mtandaoni mbele za watu, tena si kwa kujifurahisha: alizimaliza kwa kasi. Gemu ambayo mwenzako anaihangaikia wiki mbili, yeye aliitoboa kwa dakika kumi na moja, anajua kila ukuta wa kupenya na kila shimo la kuruka. Watu elfu tatu walimtazama. Na walichompendea hasa si vidole, ni ulimi. Mtu akiandika jina la Sihaba kwenye komenti, yeye huitika kwa sauti, kama binti aliyelelewa akalelewa tena: "Abee!" Wakiandika mia, ataitika mia, mpaka koo limkauke. Huko Dar walishambatiza Dada Abee.

Bi Mwanawetu, mzaliwa wa Ruaruke, hakulipenda jambo hilo hata siku moja.

"Abee ni ya mtu unayemwona," alikuwa akisema. "Usiimwage ovyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Basi akanunua petroli, akakata njia nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ili awahi. Mashine kimya. Malundo ya pumba, hakuna mtu. Adhana ikaanza.

"Sihaba..."

Sauti ya kike. Karibu na bega.

"Abee!"

Ilimtoka kabla hajageuka. Mazoea yana taabu. Alipogeuka aliona pumba, ukuta, na njia tupu. Harufu ya matope ya mto ikampiga puani, na mto uko mbali na pale.

Aliogopa, tena sana. Ila aliogopa zaidi kuchelewa. Jioni ile waandaaji wa mashindano ya Dar walikuwa wanamtazama: akimaliza chini ya dakika kumi na moja na sekunde arobaini, nafasi ni yake; asipomaliza, anapewa mwingine. Miaka minne alikuwa akiitafuta nafasi ile.

Nyumbani Kristina alishakaa kwenye kiti chake. Huyu ni nesi wa zahanati, mtu wa Songea, mpangaji wa chumba cha mbele. Jioni humsomea Sihaba komenti, maana macho ya Sihaba hayabanduki kwenye gemu. Alipohamia alikuwa akiitwa anaitika "ee" tu. Miezi minane chini ya Bi Mwanawetu, sasa hata umwite usingizini atakujibu "abee".

Jenereta likanguruma. Wakaanza.

Katika gemu ile msichana anatoroka jumba lenye malango tisa. Pamoja naye hukimbia kivuli cheupe, ambacho ni mbio bora za Sihaba mwenyewe zilizohifadhiwa, ajipime nazo. Lango la pili, kivuli kiko nyuma. La tatu, kiko nyuma. Vizuri.

La nne, Kristina akamshika bega.

"Mbona viko viwili?" akanong'ona.

Kimoja nyuma. Kimoja mbele. Cha mbele kilikuwa cheusi, na kila kilipokanyaga, sakafu ya jumba ilibaki na tope.

"Gemu imechanganyikiwa. Soma komenti."

"Wanakuita."

Sihaba akafumbua mdomo...

"Abee," ikasema spika ya kompyuta.

Hakuwa ametamka kitu.

"Wanacheka," Kristina akasema. "Wanasema leo unaitika hata kabla hujapumua."

Majina yakamiminika. Sihaba, Sihaba, Sihaba. Na spika, kwa sauti yake ileile: abee... abee... abee... Kila ilipoitika, kivuli cheusi kiliongezeka ukubwa, kama mtu anayekisogelea kioo kwa upande wa ndani. Chumba kikaanza kunuka matope.

Bi Mwanawetu akatokea mlangoni na kanga zake za kusalia. Hakumtaja jina.

"Mjukuu wangu. Nani kakuita njiani?"

"Sikumwona."

"Ukamwitikia."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akashika mwimo wa mlango. "Wapo waliochukuliwa na mto wasionekane wakazikwa," akanong'ona. "Asiye na abee haitwi, na asiyeitwa haingii nyumba ya watu. Umempa yako. Sasa watu elfu tatu wanamwita yeye. Zima."

Lango la nane. Dakika kumi na sekunde hamsini.

"Bado kidogo, bibi."

"Zima, mama."

Hakuzima. Mimi simlaumu sana. Miaka minne si mchezo.

Kwenye lango la tisa kile cheusi kilikuwa kimesimama, kimemgeukia. Vivuli vya gemu havigeuki. Sihaba akapita katikati yake. Dakika kumi na moja, sekunde thelathini na moja. Watu elfu tatu wakaandika jina lake kwa pamoja, na spika ikaitika mara moja tu, taratibu.

"Abee."

Jenereta likazima.

Nafasi aliipata. Bi Mwanawetu akapiga marufuku jina la Sihaba ndani ya nyumba, akawa anamwita "wewe". Chumba cha kompyuta wakakitia kufuli, na bado kila asubuhi kizingiti kilikuwa na tope bichi. Sihaba aliifuta video. Watu walishaihifadhi, wakairudisha mtandaoni, na chini yake wakaendelea kumwita usiku na mchana. Hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anachungulia mlango ule. Na sauti yake ilikuwa inakauka, kila siku kidogo.

Siku ya nne, saa sita mchana, alikuwa uani anafua nguo za safari. Kristina akarudi kutoka zamu, mchovu, akasahau ile marufuku. Akasimama ukumbini.

"Sihaba!"

Sihaba akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Abee," ikatoka chumbani.

Ndala za Kristina zikaelekea huko. Sihaba akainuka, beseni likapinduka. Akafumbua mdomo amwite arudi. Midomo ilicheza, lakini pale uani hapakusikika kitu. Jina lilisikika kule ndani, nyuma ya kufuli, kwa sauti yake mwenyewe, tamu, yenye haraka.

"Kristina!"

Na Kristina, binti wa watu, aliyekuja anaitika "ee" akafundishwa adabu akafundishika, akajibu.

"Abee."