Rangi ya Ukucha Mtupu

Jioni hiyo Fundi alitoka saluni na mkoba wake begani, kwenda kupeleka chupa moja tu ya rangi ya kucha. Kwa kawaida mteja huja mwenyewe. Lakini huyu alisema binti yake hatoki ndani, akaomba kwa upole, akasifu na kazi, na Fundi alikuwa mtu wa kulainika akisifiwa.

"Usichelewe," mdogo wake alimwambia kutoka kwenye kiti cha wateja. "Nasikia baridi leo. Hata sielewi."

"Funga dirisha."

"Nimeshafunga, dada."

Huyu mdogo mtaa mzima ulimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alijikunyata ndani ya sweta, akaanza kusimulia jinsi jirani alivyofumaniwa akinusa sufuria ya watu, na alipofika penye utamu akanyamaza. Kasuku, kuacha umbea katikati! Hapo Fundi angepaswa kutua mkoba chini. Akadhani ni usingizi tu, akaenda zake.

Mtaani Fundi alijulikana kwa jambo moja. Kwake hupeleki jina la rangi, unapeleka kitu, naye anakaa na unga wake wa rangi na vijiti vyake mpaka kitu hicho kiingie kwenye chupa. Alishatoa rangi kwenye kutu ya bawaba ya lango, kwenye ganda la bilinganya, kwenye utando unaobaki juu ya chai iliyolala. Bibi harusi mmoja alileta kipande cha tofali la nyumba aliyozaliwa, akaolewa akiwa na tofali kwenye vidole vyote kumi, na mama yake akalia kuliko siku ya posa. Walikuwepo waliomcheka Fundi. Aliwajibu kuwa nyekundu ya kawaida imejaa madukani, waende wakanunue, wasimjazie kibaraza.

Sharti lake lilikuwa moja. Rangi mpya haitoki saluni kabla ya kujaribiwa kwenye ukucha wa mtu aliye hai, maana kucha za plastiki hudanganya. Na huyo aliye hai alikuwa Kasuku siku zote, kidole cha pete, mkono wa kushoto.

Yule mteja alikuja juzi yake, giza likianza kuingia. Mama mtu mzima, nguo safi, glavu nyeusi mpaka kwenye viwiko, na joto lote lile. Kasuku alimbatiza jina Mama Glavu kabla hata hajaketi. Hakuwa amebeba kitu chochote.

"Niige kitu gani, mama?" Fundi aliuliza.

Mama Glavu hakumwangalia. Alikuwa anaangalia mkono wa Kasuku, uliokuwa umelala juu ya taulo, haujapakwa kitu.

"Hiyo hapo."

"Hiyo si rangi, mama. Huo ni ukucha mtupu."

"Ndiyo ninayoitaka. Ile ya chini. Ile waridi inayopita humo ndani." Akashusha sauti. "Au huiwezi?"

Basi. Mwambie Fundi haiwezi, uone. Alikesha nayo. Aliweka waridi, akaweka hudhurungi kidogo, akaweka tone la weupe wa lulu kwa ajili ya kile kijimwezi cheupe cha kwenye shina. Asubuhi alimpaka Kasuku kidole cha pete, na rangi ikapotea. Ilikuwa kamili kiasi kwamba hungejua ukucha umepakwa. Fundi aliruka kwa furaha kama mtoto.

Sasa alikuwa mbele ya mlango wa nyumba ya Mama Glavu, na mlango ulikuwa wazi.

"Hodi?"

"Pita, mwanangu. Tunakusubiri."

Ndani kulikuwa na harufu ya asetoni, dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hilo halikumshangaza, hiyo ndiyo harufu ya maisha yake. Ila chini ya asetoni palikuwa na harufu nyingine... kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Taa ilikuwa moja, hafifu. Kitandani alilala msichana, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, uso umegeukia ukutani. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshatolewa nje, umewekwa juu ya taulo, vidole vimenyooshwa tayari.

"Amelala?"

"Anapumzika. Wewe paka tu."

Fundi aliketi, akafungua mkoba, akapanga chupa zake pembeni kama afanyavyo kila siku. Alipoushika ule mkono, mwili ulimsisimka. Ulikuwa wa baridi. Si baridi ya mtu aliyenawa. Na kucha zilikuwa za kijivu, kama majivu yaliyolowa.

"Mama... mwanao ameonwa na daktari?"

"Paka, mwanangu. Mkono mmoja tu unatosha."

Alijiambia ni ugonjwa. Wagonjwa nao wanapenda kupendeza. Alichovya brashi, akapaka kidole gumba, mpigo wa kati, wa kushoto, wa kulia. Rangi ikapotea vilevile kama ilivyopotea kwa Kasuku. Ukucha ukawa na waridi. Ukawa na kijimwezi.

Simu yake ikalia mkobani. Kasuku.

"Dada, kidole gumba kimekufa ganzi." Alikuwa anacheka kidogo. "Nimekigonga mezani sisikii kitu."

"Umekilalia. Kichue."

Akakata. Akapaka kidole cha shahada. Na alipokuwa anainua brashi, kile kidole gumba cha kwanza kikajikunja... taratibu... kikajinyoosha.

Fundi akaacha brashi hewani.

"Endelea," Mama Glavu alinong'ona nyuma yake. Alikuwa amesogea karibu sana, na hakukuwa na sauti ya nyayo.

Mkono wa Fundi uliendelea wenyewe, kwa mazoea, kidole cha kati. Simu ikalia tena. Safari hii alisikia pumzi tu kwanza. Kasuku, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aanze kuota meno, alikuwa anatafuta neno.

"Dada... kucha zangu... zimekuwa kijivu."

"Zipi?"

"Gumba. Na... dada, rudi."

Simu ikaanguka huko ilikokuwa. Fundi aliisikia ikigonga sakafu. Hofu ilimpata, lakini juu ya hofu hiyo zilipanda hasira, na hasira zikafika mdomoni kwanza. Akaweka brashi chini.

"Unamfanya nini mdogo wangu?"

"Mimi?" Mama Glavu alisema kwa upole uleule. "Mimi sikumgusa. Tone la kwanza alipakwa na nani? Rangi inamjua mwenyewe kwa tone la kwanza. Mngeijaribu kwenye plastiki, ingebaki rangi tu."

"Simalizii."

"Vimebaki viwili. Ukiacha hapa atakaa nusu, na wangu atakaa nusu. Unataka hivyo?"

Fundi alinyakua pamba, akaimwagia asetoni, akasugua kile kidole gumba. Akasugua kwa nguvu. Asetoni ilitiririka mpaka kwenye taulo, na waridi haikutoka. Ilizidi kukolea.

Ndipo ule mkono ukageuka.

Ukamshika kifundo.

Vidole vitatu vilivyopakwa vilikuwa vya moto, viwili vilikuwa barafu. Msichana alikuwa bado ametazama ukutani. Sauti yake ilitoka kavu, kama mlango wa kabati lisilofunguliwa siku nyingi.

"Dada..."

"Mwambie mama... aniache."

"Anaota," Mama Glavu alisema haraka. "Usimsikilize. Huwa anasema hivyo kila mara, halafu anazoea."

Kila mara. Neno hilo lilimwingia Fundi kama maji ya baridi mgongoni. Aliangalia upande wa miguu, mahali shuka lilipopanda. Kucha za miguu za yule msichana zilikuwa na waridi, kila mmoja waridi yake, nyingine ya mtu mweupe, nyingine ya mtu mweusi, mmoja mdogo kabisa kama wa mtoto. Na zote zilikuwa zimeanza kufifia pembeni.

Alisikia kitu cha kitambaa kikivuliwa. Akageuka. Mama Glavu alikuwa amevua glavu, na vidole vyake kumi vilikuwa vimezeeka mno kuliko uso wake, vimekauka, ila kila ukucha ulikuwa mbichi, unang'aa uhai, na hakuna uliofanana na mwenzake.

"Hizi zote nilipakwa na mafundi wazuri kama wewe," alisema. "Mimi nilifanyiwa na mama yangu. Nami ninamfanyia mwanangu. Mzazi atafanyaje? Lete hiyo brashi, nitamalizia mwenyewe."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye chupa.

Fundi aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Lakini kuna jambo moja alilolijua kuliko alivyojua jina lake. Alijua jinsi rangi inavyoharibika. Miaka mingapi amelia juu ya waridi nzuri iliyokosewa kwa sababu kijiti kilikuwa na kijani? Waridi ukiitilia kijani haiwi waridi tena wala kijani, inakuwa tope, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Na pale pembeni ilisimama chupa yake ya kijani, ile aliyoitoa kwenye utelezi wa ndani ya tangi la maji, rangi ambayo wateja waliikimbia na yeye akaing'ang'ania kwa ubishi.

Kama tone moja lilimfikia Kasuku akiwa saluni, chupa nzima ingezifikia na kucha hizi. Akaiwahi chupa ya waridi kabla ya Mama Glavu. Akang'oa kizibo cha kijani kwa meno. Akamimina yote.

Hakuna kilicholia. Taa haikuzimika. Ila ule mkono kitandani ulimwachia kifundo, polepole, kama mtu anayekuachia baada ya kukuaga, na kwenye vidole vitatu waridi ikachafuka, ikawa tope, tope likawa kijivu. Kutoka ukutani ilitoka pumzi moja ndefu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Mama Glavu akaenda kusimama mlangoni.

"Hutoki," alisema. "Utaitengeneza upya. Leo."

"Ondoka mlangoni, mama."

"Unajua unaongea na nani?"

"Sijui, na sitaki kujua." Fundi aliinua ile chupa ya tope mpaka usawa wa macho, akachovya brashi ndani. Sauti yake ilikuwa inapasuka lakini haikurudi nyuma. "Ninachojua una kucha kumi. Na humu imebaki ya kutosha kumi. Nianze na upi?"

Walitazamana. Mama Glavu aliangalia brashi, na tone lililokuwa linakusanyika kwenye ncha yake, tayari kudondoka. Kisha akaficha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari, na akasogea.

Fundi alikimbia njia nzima na chupa mkononi. Alimkuta Kasuku sakafuni chini ya kiti, midomo imekauka, na akamkumbatia akamchua mikono, akimtukana kwa mapenzi, akimwambia afungue mdomo aseme upuuzi wowote.

"Dada," Kasuku alisema hatimaye, "jirani alikuwa ananusa sufuria ya maharage."

Fundi alilia mpaka akapaliwa.

Kucha zikarudi. Gumba, shahada, cha kati, zote zikapata waridi kabla giza halijakolea. Kasoro kidole cha pete, kile cha majaribio, cha tone la kwanza. Hicho nacho kilikuwa kimegeuka kijivu, na kikabaki hivyo. Hakiumi, hakina ganzi. Daktari alikiangalia, akasema ni damu, akaandika dawa, na dawa ikaisha bila kubadilisha kitu. Fundi alitaka kukipaka rangi kila siku kukificha. Kasuku akakataa katakata.

"Kiache wazi," alisema. "Kinapenda kuona watu."

Fundi alimwomba arudie alichosema. Kasuku alicheka, akageuza mazungumzo.

Watu waliwashauri wahame, wafunge saluni, angalau wafunge mapema. Fundi alifanya kinyume. Alinunua taa kubwa akaitundika kibarazani, akaanza kufunga baada ya maduka yote ya mtaa. Saluni ni yake, alisema, na jioni ni yake pia. Watu waendelee kuleta vitu vyao. Walileta majani makavu, walileta sarafu iliyoota kutu ya kijani, mzee mmoja alileta meno yake ya bandia. Sharti tu ndilo lilibadilika: rangi mpya sasa hujaribiwa kwenye ukucha wa Fundi mwenyewe.

Ikawa jioni moja, Kasuku anasimulia habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya taulo. Mara kidole cha pete kikaanza kugonga meza.

Tk. Tk. Tk.

Vingine vilikuwa vimetulia. Kimoja tu kinagonga.

Fundi aliinua macho. Ng'ambo ya barabara, nje kidogo ya mwanga wa taa, alisimama Mama Glavu. Alikuwa amezeeka sana. Hakusogea. Alikuwa anaangalia kile kidole kama mtu anavyoangalia dirisha la nyumba ambamo mwanawe analala.

Fundi akashika chupa ya tope, ambayo tangu siku ile haikutoka mfukoni mwake, akasimama. Lakini Kasuku alimzuia kwa macho. Akaweka mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto, akakifunika kidole kwa upole, kama unavyomtuliza mtoto aliyeshtuka usingizini.

"Tulia," alikiambia. "Hatuendi."

Kisha akamtazama yule mama moja kwa moja, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa kavu kidogo, kama ile iliyotoka kitandani.

"Mama, tumesema hatuendi."

Kidole kikaacha kugonga. Ng'ambo ya barabara hapakuwa na mtu. Kasuku akakohoa, akaendelea na habari yake pale pale alipoiachia, na Fundi akaketi, akamshika mkono wote, vidole vyote vitano, na hakuuliza ndani yake walikuwa wangapi.