Bakuli la Verna Tillery

Selotepu ilichanwa tena ghorofani, kraaa, saa kumi na moja kamili ya jioni, na Colleen Hruska akaacha kumenya viazi. Katoni ya mwisho walishaifungua na kuitupa wiki tatu zilizopita. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, na mumewe, Andre, alikuwa pale pale mezani anasoma simu.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nini?"

"Mtu anafunga katoni huko juu."

"Nyumba ina miaka mia, mke wangu. Na mimi nikifika mia mifupa italia."

Colleen alicheka ili asiogope. Wasiwasi ndio akili, husema watu, lakini yeye hakutaka wasiwasi wowote uiguse nyumba hii. Mtaa wenyewe uko ukingoni kabisa mwa jiji la Cleveland, Marekani, ukivuka barabara moja umeshatoka mjini. Kushoto wanakaa Wanepali, kulia Mzee Otis Bell aliyezika wake wawili, ng'ambo Myahudi mstaafu anayegawa nyanya zake hadi watu wanajificha. Na bei ya nyumba ilikuwa ya kutamkika kwa mfanyakazi wa maktaba na fundi wa lifti. Walikuwa wamepanga tu, na mwenye nyumba aliwapa hadi Jumatatu waseme kama wanainunua. Colleen alitaka kuzeekea humo. Andre hakuwa amesema ndiyo wala hapana, na kimya hicho kilimkosesha mkewe usingizi.

Kesho yake ilikuja harufu ya pichi zilizookwa kwa mdalasini, na jikoni hapakuwa na kitu motoni. Siku ya tatu mlango wa jikoni uligongwa mara tatu, taratibu, kama agongavyo mtu ambaye mikono yake imebeba kitu. Colleen akafungua na hakuona mtu uani, akafunga, na alipogeuka nywele zilimsimama, kwa sababu bakuli la kioo la kuokea alilorithi kwa marehemu bibi yake Ludmila, bakuli alilokuwa amelisukuma nyuma kabisa ya kabati, lilikuwa juu ya meza, limefudikizwa, na kwenye kitako chake kulikuwa na kipande cha selotepu kilichogeuka manjano, ambacho siku zote alidhani ni cha dukani, na sasa maandishi yake yalisomeka: V. TILLERY.

Akalichukua mbio hadi barazani kwa Mzee Otis. Mzee alilitazama kitako, kisha akavua miwani.

"Hili umelipata wapi, binti?"

"Kwa bibi yangu. Ludmila."

"Ludmila." Mzee akashusha sauti. "Hujui kwamba nyumba unayolala ilikuwa yake?"

Colleen hakujua. Bibi yake hakuwahi kuutaja mtaa huu hata siku moja.

"Verna Tillery alikaa hapo wanapokaa Wanepali sasa," Mzee Otis akasema. "Yeye na mumewe ndio weusi wa kwanza hapa, mwaka sitini na tisa. Wazungu wakauza nyumba kama karanga. Ludmila akabaki, na wakapatana, usiseme. Mtoto mchanga wa Ludmila alipokufa, Verna alivuka ua na bakuli hili, limejaa. Si unajua, chombo cha msiba tunakibandika jina ili kirudi. Na hakirudi tupu."

"Najua."

"Basi wiki mbili baadaye, joto kali, madirisha wazi, Verna anasikia selotepu kwa jirani jioni nzima. Aliniambia mwenyewe. Alidhani mwenzake anabandika majina kwenye vyombo vya watu avirudishe. Akafurahi, maskini. Alfajiri lori likaja."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga. Mwezi wa kumi, mwanawe Calvin akafia vitani Vietnam, na hakuna aliyemvukia ua na chochote. Tangu hapo kila saa kumi na moja alikuwa anagonga mlango wa jikoni wa Ludmila. Awe anakaa nani humo, au nyumba iwe tupu. Mpaka tulipomzika."

Colleen alikuwa analia waziwazi. "Nifanyeje, mzee?"

"Mrudishie. Na akikuuliza kitu, usimwongopee."

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaoka pichi, akajaza bakuli hadi ukingoni. Saa kumi na moja mlango uligongwa. Akaufungua, bakuli mikononi, na baridi ikaingia wakati jua bado liko uani, na ile harufu ya mdalasini ikajaa jikoni, na mbele yake, pale pasipo na mtu, akasikia pumzi ya mwanamke mzee aliyechoka kusimama, kisha sauti ya chini, karibu sana na shavu lake:

"Na ninyi mnakaa?"

"Tunakaa," akasema Colleen. Alijibu kwa niaba ya wawili, bila kumuuliza Andre.

Bakuli likawa jepesi mikononi mwake, kisha halikuwepo.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu alirudi kutoka maktaba anaimba, na alipoingia tu, kraaa, ghorofani.

"Mama Verna," akaita kwa upole akipanda ngazi, "nimeshakuambia, tunakaa."

Andre alikuwa amepiga magoti katikati ya katoni, selotepu mkononi.

"Nimempigia mwenye nyumba," akasema bila kumtazama. "Nimemwambia hapana."

"Bila kuniambia mimi?"

"Ungelia, nami ningekubali. Nimekulia mtaa kama huu, Colleen. Wakahama mmoja mmoja, mama akabaki na nyumba zilizopigwa mbao madirisha kushoto na kulia. Sitaki tuwe wa mwisho."

"Hapa hakuna anayehama."

"Huwa wanaanzaga kimya kimya." Akafuta macho kwa kiganja. "Binamu yangu analeta lori alfajiri."

Chini, mlango wa jikoni ukagongwa mara tatu. Safari hii Andre alisikia. Selotepu ilimponyoka ikabingirika hadi ukutani.

"Usifungue," akanong'ona. "Nakuomba, usifungue."

Colleen alishuka, akafungua. Uani hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na bakuli, limeoshwa, limejazwa upya, la moto. Alikaa chini kwenye ngazi akalipakata, akala kwa mkono huku machozi yakidondokea humo humo, kwa maana alijua chakula hicho hupelekwa nyumba gani. Alipomaliza aliligeuza. Kwenye kitako palikuwa na selotepu nyeupe, mpya, na wino wa jina la Verna bado ulimchafua kidole.

Chombo cha msiba hurudi, na hakirudi tupu. Akanyanyuka akafungua kabati la jikoni atafute hata sufuria moja ya kupikia cha kulijaza. Andre alikuwa ameshazifunga zote katonini.