Nyonga Haidanganyi

Chumba cha nyuma cha duka la simu kilinuka moshi wa kulehemu. Mjomba alichora ramani kwa chaki juu ya meza.

"Watu wa kampuni wakienda kula, tunaingia. Mimi fundi wa viyoyozi, wewe msaidizi wangu. Nachomoa diski, natoka nayo. Wewe unafuta nakala zao zote. Kobe anatungoja garini."

Kobe, dereva, akacheka. "Kuiba kitu chako mwenyewe! Binti una vituko."

"Siibi," alisema binti, ambaye wote walimwita Fundi. "Narudisha."

Zana za programu zilizokuwa kwenye diski hiyo alizisuka mwenyewe kwa miaka miwili. Yeyote angezitumia kuifundisha simu itambue hali ya mwenye nayo kwa mitikisiko tu: amesimama, anakimbia, yumo garini. Kampuni ikamtimua, ikabandika jina la mkurugenzi juu ya kazi yake.

Alikuwa amezijaribu kwenye simu zao wote. "Zitieni mfukoni, kwenye nyonga. Nitajua mko katika hali gani bila kuuliza."

"Hata chooni?"

"Hasa wewe, Kobe."

Saa saba mchana. Korido ya kampuni tupu. Mjomba alichomoa diski, akamkonyeza, akatoka. Fundi akabaki akifuta, nakala baada ya nakala, hadi ya mwisho. Sasa kazi yake yote ilikuwa mkononi mwa kaka wa mama yake.

Saa saba na robo. Sauti sikioni: "Nimesimama mlangoni, mpwa wangu. Usiwe na haraka."

Akatazama kioo cha simu. Mjomba: yumo garini. Gari linakwenda kasi.

"Umesimama, Mjomba?"

"Kama mlingoti."

Ulimi hauna mfupa. Nyonga inao.

Damu nzito kuliko maji, walimwambia tangu utotoni. Leo imeuzwa rejareja.

Buti za walinzi zilipanda ngazi. Dirisha lilikuwa wazi. Hakulitazama. Aliketi, akaandika kanuni mpya: simu ya Mjomba ikiwa ndani ya gari linalokwenda, ilie king'ora na iwaonyeshe polisi ilipo. Akaituma.

King'ora kikapasuka sikioni. Kando ya Mjomba, kwenye usukani, Kobe akatukana.

"Izime! Mpwa wangu, izime, tuzungumze!"

"Simama kwanza, Mjomba. Itanyamaza yenyewe."

Diski ingefika polisi, kisha mahakamani. Huko wangelazimika kuuliza ni ya nani.

Mlango ukapigwa teke.

"Mikono juu! Wewe nani?"

Fundi aliinua mikono. Kidevu alikuwa amekwisha kukiinua.

"Mwenyewe."